Siku Niliyoacha Kujikomba kwa Bwana Mifugo

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya sabini, niliukimbilia mlango wa Landrova kabla gari halijasimama. Bwana Mifugo aliposhuka nikampokea mkoba, koti, hata kofia iliyokuwa kichwani. Tope la Karatu mnalijua, jekundu na linateleza. Nilianguka na mali zote za mkubwa, nikainuka nikisema, "Samahani mzee, kosa ni langu. Hata mvua ni kosa langu."

Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, viatu vya kuazima kutoka kwetu Kansay, na ndoto moja: kwenda chuo cha mifugo, nirudi nimevaa koti jeupe. Wa kuandika jina langu kwenye orodha ya chuo alikuwa Bwana Mifugo huyo huyo.

Dereva wetu, Mzee Tluway wa Mbulu, aliniita pembeni.

"Kijana, wewe unajikomba."

"Naheshimu wakubwa, mzee."

"Umewahi kukomba sufuria ya uji? Unapitisha kidole mpaka inang'aa. Sasa wewe unajipitishia mwenyewe. Siku bosi akikuhitaji kweli, atakuta nini humo ndani?"

Nilicheka, nikaendelea kujikomba kwa miaka kadhaa, tena kwa ufundi. Ninyi vijana msidhani ni jambo dogo. Unacheka kabla mkubwa hajamaliza utani wake. Akisema kuna baridi, unavaa sweta huku jasho linakutoka. Mikutanoni tuliitana ndugu, lakini mbele ya bosi mikono tuliiweka nyuma kama watu waliokamatwa.

Kazi yenyewe, hata hivyo, niliipenda na niliijua. Nilianzia josho la Daa, lile birika refu ambamo ng'ombe huogelea kwenye dawa ya kupe. Nilipima kina chake kwa kijiti chenye alama, maana kina ndicho kinachokuambia utie dawa kiasi gani. Baadaye nikaingizwa kikosi cha chanjo ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukimaliza boma zima. Chanjo ile ilikuja kama unga kwenye vichupa. Ukishaichanganya na maji, lazima ikae kwenye barafu, na itumike upesi. Ikipata joto imekufa. Ukimchoma nayo ng'ombe umemchoma maji, na mwenyewe anarudi nyumbani akiamini amekingwa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulipelekwa Endulen, kwa wafugaji wa Kimaasai. Barafu tuliomba jikoni kwenye hoteli ya watalii, juu ukingoni mwa kreta. Bwana Mifugo aliagiza tuchanganye chanjo yote asubuhi, kisha akasema hakuna kuchoma ng'ombe hata mmoja mpaka Mkubwa wa Mkoa afike ajionee. Tukasubiri. Saa sita barafu ikawa maji. Saa nane maji yakawa ya uvuguvugu. Wote tuliona, wote tukasema, "Ndiyo, mzee."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mzee Koinet na ng'ombe wake wengi. Binti yake Naserian, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuja akainamisha kichwa mbele ya baba, naye akamgusa utosini, kama desturi yao. Nikamnong'oneza Mzee Tluway, "Kumbe hata huku wanajikomba."

"Ngoja," akasema.

Naserian aliinua kichwa akamwambia baba yake jambo kwa Kimaasai, wazi, mbele ya watu. Mzee Tluway akanitafsiria: "Anasema yule ng'ombe mwekundu asichanjwe, ana homa tangu jana, na baba hakumwangalia." Mzee Koinet alinuna, akaguna, kisha akaenda kumtenga yule mwekundu.

"Aliyejikomba angenyamaza," akasema Mzee Tluway.

Gari la Mkubwa wa Mkoa likafika. Bwana Mifugo akanipa bomba la sindano. "Haya, anza."

Orodha ya chuo ilikuwa ipelekwe wiki ile ile. Nilimtazama Mzee Koinet, aliyekuwa ameshashika pembe za ng'ombe wake kwa imani yote.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia Bwana Mifugo.

"Marahaba. Anza."

"Siwezi, mzee. Barafu iliisha saa sita. Dawa imekufa."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi choma."

"Nikichoma, huyu mzee ataondoka akidhani ng'ombe wake wamekingwa. Sotoka ikija atabaki na fimbo tu."

Safari hii mikono haikuwa nyuma. Mkubwa wa Mkoa akatumbukiza kidole kwenye kasha la barafu.

"Haya ni maji ya kuoga," akasema. "Mwageni."

Siku tatu baadaye tulirudi na chanjo mpya, na sotoka haikumchukulia Mzee Koinet hata ndama mmoja. Orodha ya chuo ilikwenda bila mimi. "Wewe umeshajua kila kitu," Bwana Mifugo aliniambia, "chuo cha nini?" Akanirudisha josho la Daa. Nililia kidogo, ng'ombe tu wakiona. Mke wangu akanishonea koti jeupe la viroba vya unga, lenye maandishi ya kilo tisini mgongoni ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote. Nililivaa hadi nastaafu, viraka juu ya viraka.

Siku yangu ya mwisho watu walijaa joshoni. Nilipima kina, nikatangaza dawa inatosha. Paskalina, aliyekuwa anashika nafasi yangu, akanisogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa ni hafifu. Josho limepanuliwa, na wewe umesoma alama za zamani."

Nikakitazama kijiti. Alisema kweli.

Nikawaomba wenye ng'ombe wasubiri. Kisha nikavua lile koti la viroba, nikamvalisha.