Kulwa aimba upande wa Doto

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Tabora, Kulwa Gerson anakanyaga cherehani huku akiimba taratibu. Sketi ya shule inapita chini ya sindano. Mteja aliyefuata koti lake amesimama kimya, anangoja wimbo uishe ndipo aulize.

"Ukimkatiza wimbo, mshono nao unakwenda kombo," anacheka Zamda, fundi mwenzake. "Wateja wameshamzoea."

Huyu ndiye mwenye Mbili Mbili, albamu ya nyimbo kumi na sita, nane kila sehemu. Ametunga mwenyewe, akapiga gitaa mwenyewe, akalipia studio kwa miaka mitatu ya kushona sare. Hana meneja wala kampuni.

Sehemu ya kwanza imemwagiwa sifa, na inazistahili. Majidi Abbasi, mchambuzi wa muziki redioni Dar es Salaam, alisema ni siku nyingi hajamsikia mtunzi anayemchekesha mtu kisha akamwacha anajiuliza anaishije. Ukisikia wimbo wa gauni la harusi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, utamwelewa.

Sehemu ya pili ndiyo iliyozua maneno. "Nyimbo hizi hazina kichwa," alisema Majidi. "Nane zile angeziacha." Msambazaji mmoja akampigia Kulwa simu: yuko tayari kuipeleka albamu nchi nzima, ila sehemu ya kwanza peke yake. Akampa wiki mbili za kufikiri.

"Nilitikisika," anasema Kulwa. "Nikasema labda wataalamu wameona kitu, mimi sioni."

Akaenda Usoke kwa mama yake, Recheli. Huko ndiko Kulwa na pacha wake, Doto, walikoimba kwaya ya Kanisa la Moraviani tangu wadogo: Kulwa sauti ya kwanza, Doto ya pili. Doto alifariki miaka sita iliyopita. Tangu siku ile mama yao hakufungua tena kinywa kuimba, hata kanisani.

Alimkuta anapukuchua mahindi. Baada ya shikamoo, Kulwa akafungulia sehemu ya pili kwenye simu. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili, mikono ya mama ikasimama. Wa tatu, akaanza kuimba. Aliyekulia kwenye kwaya akisikia sauti ya pili, ya kwanza humjia yenyewe.

"Mwanangu," akasema, "hii si sauti yako. Hii ni sehemu ya Doto."

"Ndiyo, mama. Yangu, ile ya kwanza, sikuiweka. Nilimwimbia yeye tu."

Walilia, kisha wakazirudia zote nane.

Nilimpigia Majidi nikamweleza, naye akanipigia baadaye. "Kwaya sikuwahi kuimba," alisema. "Nimeisikiliza upya, niliharakisha. Ila wimbo wa sita bado ni mrefu."

Kulwa anacheka akisikia hilo, anakata uzi kwa meno. Kulwa mwenyewe ameshamjibu msambazaji: zote kumi na sita, au basi. Simu haijapigwa tena.

Baada ya Pasaka anataka kuizindua albamu Usoke, pamoja na kwaya ileile.

"Mama ataimba sauti ya kwanza, ameniahidi," anasema. "Mimi nitasimama pale alipokuwa anasimama Doto."