Vitanzi vya Asubuhi

Bartolomayo, msimamizi wa ghala la karibu na stesheni ya Dodoma, alimwaga rundo la soksi mezani. Zote zilikuwa zimefumuka, mwanya mrefu wenye nyuzi kama vidato kutoka kifundoni hadi juu.

"Dada Dorkasi, wanajeshi waliomba soksi, hawakuomba ngazi."

Zaitun, aliyekuwa akisokota uzi pembeni, alicheka. Dorkasi hakucheka.

"Jumamosi, garimoshi la Tabora likipita, mashine yako ya kufumia itapakiwa iondoke," Bartolomayo akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nimekutetea hadi nimechoka. Tuma mtu kwa kaka yako aje akuchukue."

Kaka yake aliitwa Yoramu na alikaa Zuzu, walikozaliwa wote wawili. Utotoni ng'ombe alimkanyaga Dorkasi mguu wa kushoto, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kubeba mtungi wala kulima uwele mchana kutwa. Kwa Yoramu hakuna aliyemnyanyasa. Walimhurumia, na hilo lilimwelemea zaidi. Chakula chake kilitengwa kwanza. Mazungumzo yalikatika alipoingia. Wamisionari walimfundisha kufuma kwa mikono. Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikaanza, bibi mmoja wa Kijerumani akahama na kuiacha mashine yake ya soksi ghalani, na Dorkasi akaitwa. Alizungusha mpini ameketi, na mguu wake haukumhusu mtu. Watu walianza kuulizana asubuhi, "Dorkasi amefika?" kwa sababu walimhitaji. Hakuwahi kuulizwa hivyo maishani.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa: duara la sindano zilizosimama wima, kila moja na kiulimi kidogo cha chuma nchani. Mpini ukizunguka, sindano hupanda, kiulimi hufunguka, uzi hunaswa, kitanzi kipya huzaliwa. Kiulimi kisipofunguka kwa wakati, uzi hukosa pa kushika, kitanzi huchoponyoka, na soksi huanza kufumuka kuanzia hapo.

Kwanza Dorkasi alilaumu uzi.

"Uzi wangu?" Zaitun aliruka. "Meli haziji, pamba nasokota kwa vidole hivi, halafu Mgogo mmoja anikosoe?"

"Una mafundo, shoga."

"Mafundo yako kwenye macho yako!"

Hata hivyo Zaitun alikaa akausokota upya, akiupitisha kwenye nta, hadi ukateleza vizuri. Vitanzi vikaanguka vilevile. Dorkasi akaongeza jiwe lililoning'inia chini ya soksi ili liivute zaidi. Vikaanguka. Akazichomoa sindano moja moja, akazikagua kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kando zilizopinda na kutia nyingine. Vikaanguka.

Ijumaa asubuhi upepo wa kipupwe ulikuwa mkali, vumbi limejaa hewani. Dorkasi aliketi mbele ya mashine bila kuigusa. Mtu mwingine angeanza kulia, au kufungasha kanga zake. Yeye alizipanga soksi nzima upande mmoja na zilizofumuka upande wa pili, akijaribu kukumbuka kila moja aliifuma lini. Nzima zote zilikuwa za mchana, bati la paa likishapata moto. Zilizofumuka zilikuwa za asubuhi.

Akainama, akasukuma kiulimi kimoja kwa ukucha. Kilijiinua taratibu, kizembe, kikabaki katikati. Kwenye ukucha ulibaki utando wa manjano, mgumu, uliochanganyika na vumbi. Akaunusa.

Ilikuwa samli. Mafuta ya mashine yalikwisha zamani, yote yakienda kwenye garimoshi, na Zaitun ndiye aliyeleta kopo la samli ya mama yake kutoka Kondoa, kwa fahari, wakaipaka kila sindano.

"Zaitun," alisema, "usinikasirikie."

"Nini tena?"

"Samli inaganda na baridi. Inazishika sindano."

Zaitun alilivuta kopo karibu naye. "Samli ya mama yangu watu wanaililia Kondoa nzima."

"Ni nzuri kwa wali, mwenzangu. Chuma hakili wali."

"Sasa tutapaka nini? Mate?"

"Nyonyo."

"Yale mafuta mnayojipaka mwilini mpaka mnang'aa kama ndama aliyezaliwa sasa hivi?"

"Hayo hayo. Umewahi kuniona nimeganda?"

Zaitun alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akasimama mwenyewe kwenda sokoni kuyatafuta. Aliporudi, Dorkasi alikuwa ameshachomoa sindano zote na kuziosha kwa maji ya moto, vidole vyekundu. Wakazianika juani, wakazifuta kwa kitambaa, na kwa unyoya wa kuku wakapaka kila kiulimi nyonyo kidogo tu.

Jumamosi, jua halijapanda, Bartolomayo aliingia amejifunika koti hadi masikioni. Nje wapagazi walikuwa tayari na kamba za kufungia mashine.

"Nipe nafasi ya soksi moja," Dorkasi alisema.

"Kwa baridi hii?"

"Kwa baridi hii hii."

Akazungusha. Viulimi vilipiga tiki-tiki nyepesi, na soksi ikashuka ndani ya duara, polepole, bila mwanya. Zaitun aliacha kusokota. Bartolomayo aliipokea, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaivuta huku na huku, akaigeuza ndani nje, akaivuta tena kwa nguvu ambazo hata mguu wa sajini usingekuwa nazo. Kisha akatoka nje, na Dorkasi akamsikia akiwaambia wapagazi wakatumie kamba zao kufungia magunia ya ngozi.

Aliporudi alikuta uzi mpya umeshatiwa kwenye mashine.

"Lile garimoshi linapita Zuzu, sivyo?" Dorkasi aliuliza, mkono ukiwa tayari kwenye mpini. "Basi mwambie mtu amfikishie Yoramu salamu. Asinitengee kitanda."