Bastola ndogo ndiyo yenye teke

Jamani, leo bastola ndogo kama kiganja imenipiga teke mbele ya mume wangu.

Mnajua tangu majambazi waliponisimamisha njia ya Basotu nikitoka mnadani, nimekuwa naogopa kwenda kununua ng'ombe peke yangu. Nikaomba kibali cha silaha, na leo tulikwenda kujifunza kulenga, nje kidogo ya Katesh.

Mume wangu akanichagulia bastola ndogo, nyepesi. "Hii ndiyo saizi yako. Ile kubwa itakuangusha."

Nikafyatua.

Mikono ikaruka hadi usawa wa uso, risasi ikaishia kwenye kichuguu.

Mwalimu wetu, mama mmoja mstaafu wa jeshi, akanipa ile kubwa. "Risasi ni zile zile, milimita tisa. Ila hii ina uzito, na uzito unapunguza teke."

Nikafyatua tena. Ikatulia mikononi. Karatasi ya shabaha ikatoboka karibu na katikati.

Nikarudia, ikatoboka tena. Nikaanza kucheka peke yangu.

Mume wangu, na mwili wake ule mkubwa mnaoujua, akachukua ile ndogo atuonyeshe. Akafyatua. Akarudi nyuma hatua, kofia ikadondoka.

"Pole, baba," mwalimu akasema.

"Ni upepo wa mlimani," akajibu.

Hata jani halikutikisika.

Nimechagua kubwa. Tukiwa njiani kurudi, akaniambia taratibu, "Mnadani sasa nenda tu mwenyewe."

Akaiweka kofia yake sawa, akaongeza:

"Ila nikipeleka ngano Singida, unisindikize."

Bado nacheka. Nimjibuje?