Sahihi ya Tatu

Kila Jumanne asubuhi Hilda Scarfe alifungua ukumbi ulio nyuma ya kanisa, akawasha hita ya gesi, akabandika birika na kuwasubiri wanaume wa ndege. Walikuwa wastaafu wa reli, benki na posta, na kazi yao, kama ni kazi, ilikuwa kutazama picha chakavu za ndege za zamani za Kiingereza na kuzitafutia majina. Mtu wa mji ule, katika jimbo la Lincolnshire huko Uingereza, akikuta sanduku la picha darini kwa marehemu babu yake, aliwapelekea wao. Waliweza kugombana asubuhi nzima juu ya gurudumu moja.

Hilda hakuwa mwanachama. Mwanachama alikuwa mumewe, Reg. Reg alipofariki, mjane wake aliendelea kuja kuwapikia chai, na kwa miaka tisa hakuna aliyemuuliza anaonaje. Ilimuuma, tuseme ukweli. Alikuwa ameshona makoti ya kiume katika duka la fundi mmoja kwa miaka thelathini na mmoja, macho yake yalikuwa mazima, na ndege alizozijua zilizidi za Norman Raikes, mzee wa benki, ambaye alikuwa mwanachama kamili na alisinzia kila ilipofika saa tano.

Walikuwa na sheria moja ambayo hawakuichezea. Jina la ndege liliandikwa kwanza kwa penseli nyuma ya picha, nalo lingeweza kukaa hivyo hata miaka kumi. Wino haukuguswa mpaka watu watatu waweke sahihi kwenye kadi ya picha hiyo.

Jumanne moja ya Machi 1988, mwenyekiti wao, Desmond Tuckwell, aliingia na bahasha kifuani, hata kofia hakuivua.

"Nimeipata," alisema. "Plover."

Norman aliteremsha gazeti. "Ile ndege yako ya ndotoni?"

Plover ilitengenezwa moja tu, katika kiwanda cha Marchbank, mwaka 1931, ikaungua bandani kabla haijamaliza miezi miwili. Desmond alikuwa na miaka saba wakati huo, na alishikilia kwamba aliiona ikipita juu ya shamba la baba yake. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiitafuta picha yake, moja tu, na wapo waliomcheka usoni wakimwambia alichoona ni Dunlin, ndege ya kawaida ya kiwanda hichohicho, iliyotengenezwa zaidi ya mia moja. Zilifanana kwa kila kitu isipokuwa injini. Injini ya Plover ilizungusha pangaboi la mbele kinyume, na bomba lake la moshi lilikuwa ubavu wa kulia badala ya kushoto.

Picha ilionyesha pua ya ndege na nusu ya bawa, bila herufi wala namba, na wanaume wanne wamesimama mbele yake.

"Bomba liko wapi?" Desmond aliuliza.

Norman alisogeza kioo cha kukuzia, akakodoa. "Kulia."

"Na pangaboi limepindia wapi?"

"Haya, mzee. Leo umenifunga mdomo." Akatia sahihi kwenye kadi, chini ya ile ya Desmond.

Ilibaki ya tatu. Mwenzao wa tatu, Cyril, alikuwa amehamia Wales kwa binti yake, na mchapishaji wa kitabu cha klabu aliitaka picha ya jalada kabla ya saa sita mchana.

"Hilda," Desmond aliita, "njoo utie sahihi."

"Mimi?"

"Umekaa nasi miaka tisa. Andika jina lako tu, usijisumbue."

Hilda alikausha mikono kwenye aproni. Alichukua kioo badala ya kalamu.

"Anakagua," Norman alisema. "Bibie, huu si mkataba wa mkopo."

Hilda, kwa mazoea ya kazi, aliwatazama wale wanaume wanne wa pichani makoti kabla ya nyuso. Alitazama la kwanza, la pili, akarudi tena kwa la kwanza. Akatamani asingalitazama. Kiangazi kizima baada ya Reg kufariki, Desmond ndiye aliyemlimia bustani, bila kuombwa. Na kalamu ndiyo ile, imewekwa mbele yake, kitu alichokitaka miaka yote.

"Siweki," alisema.

Desmond alivua kofia. "Kwa nini?"

"Makoti yao yamefungwa kike, upande wa kulia juu ya kushoto."

Norman alicheka. "Kumbe Marchbank kulikuwa na mambo."

"Angekuwa mmoja, ningesema amevaa la mkewe kwa haraka. Wote wanne, Norman? Na mifuko ya kifuani iko kulia. Fundi gani anakata mfuko kulia?" Alimgeukia Desmond, na sauti ikamlegea. "Aliyeisafisha aliweka negativu upande wa pili. Picha imegeuzwa."

Desmond aliichukua picha. Alikwenda kwenye kioo cha kujitazamia karibu na mlango, akaiinua. Ndani ya kioo vifungo vilirudi mahali pake, mifuko ikahamia kushoto, na bomba la moshi likahama nayo. Ilikuwa Dunlin.

Kisha Desmond alirudi mezani, akafuta neno Plover, alilokuwa ameliandika kwa penseli nyuma ya picha, kwa ufutio, taratibu, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Kadi yenye sahihi mbili aliichana.

"Ningeweza kunyamaza," Hilda alisema.

"Ungeweza."

Hilda alirudi jikoni na kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa na hakika hataombwa tena, wala asingemlaumu mtu. Simu ya ukumbi ilikuwa ukutani nje ya jikoni, na alimsikia Desmond akizungusha namba na kumtaka mchapishaji.

"Tafuta picha nyingine ya jalada," alisema. "Ndiyo, ile haiendi." Alisikiliza kidogo. "Hapana, bwana, hakuna mtaalamu kutoka nje. Mmoja wetu amekataa."