Neno Nililoongeza Kwenye Simu ya Reli

Sifa zote njema ni zake Mola aliyeipa kila nyota njia yake, zisigongane, bila kuhitaji mtu wa kusimama kando na simu mkononi. Sisi viumbe tunamhitaji mtu huyo, na hapa kwetu Durban, Jumapili moja katika mwezi, mtu mwenyewe ni mimi.

Nilisomesha madrasa mtaa wa Sydenham kwa miaka mingi. Nilipostaafu, mke wangu aliona nimeanza kumsahihisha kila anayebisha hodi, hata muuza mayai, akaniomba kwa upole nitafute shughuli nje ya nyumba. Rafiki yangu Mkongo, aliyeendesha treni kwao kabla ya kuhamia huku, akanipeleka kwenye chama cha watu wanaotunza garimoshi la zamani, lile la makaa na mvuke. Wengi wao ni wazee wenye mikono myeusi na magoti mabovu. Magoti yangu yalikaribishwa vizuri.

Garimoshi letu lina njia yake fupi huko vilimani. Shughuli iko pale njia hiyo inapoungana na njia kuu, ambako hupita treni ndefu za mizigo zinazoshuka bandarini, na hizo hazisimami upesi. Mahali hapo pamewekwa kipande cha reli kilichogeuziwa kando na kutiwa kufuli. Garimoshi letu likithubutu kupita bila ruhusa, kipande hicho kitalitoa relini na kulizamisha kwenye mchanga. Bora tuaibike mchangani kuliko tukutane na makontena. Ili kufungua, mlinzi wa kufuli hiyo humpigia simu mwongozaji wa treni za njia kuu, aliyeko mbali mjini. Mwongozaji hutoa maagizo, mlinzi huyarudia neno kwa neno, na yakirudiwa sawasawa ndipo kisanduku cha ufunguo hufunguliwa kutoka kule kule mjini.

Mlinzi wa zamani alihamia Cape Town, nikafundishwa kazi mimi. Siku yangu ya kwanza mabehewa yalijaa watu, na dereva alikuwa yule rafiki yangu. Tangu aje nchi hii hakuwa ameruhusiwa kuingia njia kuu hata mara moja. Alikuwa amevaa tai, mbele ya tanuri la makaa. Mwongozaji, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alikwisha kutuonya kwamba nafasi ni ndogo kabla ya treni ya makontena. Tukiikosa, turudi kinyumenyume tulikotoka, na chama kitafute mlinzi mwingine.

Akatoa maagizo: garimoshi liingie njia kuu, liende hadi kibao cha pili kando ya reli, lisimame hapo. Nikayarudia vizuri kabisa, na mwishoni nikasema litasimama, inshallah.

Akaniambia nirudie. Nikarudia, na neno langu nikaliweka pale pale. Tangu utotoni nimefundishwa nisiahidi jambo la mbele bila kumtaja Mwenyezi Mungu. Ulimi wangu haukuomba idhini yangu.

"Baba," akasema, "hilo neno sikukupa mimi."

Nikamweleza maana yake kwa utulivu, kama darasani. Akasikiliza, kisha akasema maana anaijua. Fundi aliyechukua friji yake alimwambia neno hilo hilo kwamba angeirudisha Ijumaa, na ni mwaka sasa anaweka maziwa kwa jirani. "Ukilisema, mimi huku nasikia kwamba huenda msisimame."

Niliona haya kwa niaba ya mafundi wote waumini wa mji huu. Hata hivyo nikajitetea kwamba Mungu yumo katika kila jambo.

"Yumo, baba. Lakini kwenye maagizo yangu kuna kibao cha pili tu."

Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani na kusikia yote, maana mimi kwenye simu hupaza sauti. Tai ilikuwa imeanza kupata masizi. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Papa Shehe, mutoto ya madrasa akiongeza neno yake katikati ya sura, unamufanya nini?"

"Namrudisha mwanzo," nikasema.

"Basi rudia mwanzo. Makontena iko njiani."

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nimeombwa ahadi. Nilikuwa nimesomewa, na kazi yangu ilikuwa kusoma nilivyosomewa. Nikamtaja Mola wangu moyoni, ambako hakuna simu, kisha nikayatoa maagizo yote bila kuongeza wala kupunguza, nikaishia kwenye kibao cha pili na kufunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuyakunja magoti yangu.

Kisanduku kikafunguka. Nikageuza ufunguo, kile kipande kikanyooka, na rafiki yangu akapita mbele yangu polepole, ameshika breki kwa mikono miwili, hata kupiga honi amesahau. Akasimama kwenye kibao, sawasawa. Nikapiga simu kutoa taarifa: limesimama, alhamdulillahi.

 Mwongozaji akasema hilo naweza kuliongeza, maana limeshatokea, na Jumapili ijayo ya garimoshi atanitegemea tena mimi.

Nawe unayesoma, Mola akulinde kila mahali njia yako inapokutana na njia ya mwenzako, akupe subira ya kungoja zamu yako, na akufikishe salama kwa wanaokusubiri. Amina.