Kioo Kilichokataa Vidole

Bado nina hasira, na sasa najikasirikia mwenyewe. Bila alama ya kidole changu kwenye usajili wa bima ya afya, mke wangu hangefanyiwa upasuaji wa jicho. Kazi hiyo ya usajili serikali imeikabidhi kampuni binafsi. Mungu amenijalia subira, lakini siku hiyo niliiacha kwenye foleni ya usajili pale Kola.

Nilikuwa wa kwanza. Kioo cha kusoma alama za vidole kikakataa kidole changu, kikamkataa mama aliyenifuata, kikawakataa wote. Nikainua mikono.

“Tumeuzwa kwa wafanyabiashara! Vidole vilivyolima nchi hii leo havitambuliki?”

“Waambie, mzee!” foleni ikaitikia.

Binti wa kampuni akapangusa kioo, akanusa kitambaa.

“Mzee, ulikamua ng'ombe asubuhi? Haya ni mafuta ya kukamulia.”

Foleni nzima ikatazama mikono yangu, ingali juu, iking'aa.