Picha ya Buluu Niliyoitia Chai

Shule niliacha darasa la pili, lakini miaka ile ya hamsini, asiyenijua mimi mpiga picha hapa Tanga alikuwa mgeni. Karatasi za picha zilikuwa ghali, nami nikatumia zile za wachora ramani: unaianika karatasi juani chini ya kioo cha kamera chenye sura ya mtu, unaisuuza, mtu anatoka buluu. Watu walizipenda.

Mama mmoja wa Ngamiani hakuipenda yake. Mwanawe alikuwa kuli wa matishari yaliyopeleka mkonge melini. Siku moja aliteleza, akaanguka na robota lake la mkonge kati ya tishari na meli. Robota likaonekana. Yeye hakuonekana. Alisaliwa bila jeneza, na picha niliyompiga siku ya Idi ndiyo pekee iliyobaki. Kioo chake, ambacho ningetolea nyingine, kilikuwa kimekwisha vunjika.

Akaja nayo ndani ya leso. "Fundi, huyu bado yumo majini. Nitolee."

Nikamwambia hapana linalonishinda. Ila kuitoa buluu nilikuwa nimejaribu mara moja tu, kwa picha yangu mwenyewe. Nikayeyusha magadi ya kuchemshia kunde, nikaitumbukiza ile ya mwanawe. Buluu ikakimbia: kanzu, shingo, kisha uso, ikabaki karatasi ya manjano kama jicho la mgonjwa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umemzamisha tena, baba," akasema taratibu.

Nikaisuuza, nikailaza katika sinia la chai ya rangi, kali, iliyopoa. Tukangoja. Jasho lilinitoka, mimi niliyewapiga picha mabwana wa mashamba ya mkonge bila wasiwasi. Zikaja nyusi. Ukaja mdomo. Mwisho akaja mzima, kahawia, hata kanzu imeingia rangi ya chai, kama aliyelazwa mchangani.

Mama akamtazama sana. "Sasa yuko nchi kavu."

Nilitaka kumtilia fremu bure, aitundike barazani wapita njia waone kazi. Akakataa. Aliiweka kashani pamoja na sanda aliyojinunulia na ubani wake. Alipokufa, wanawake waliomwosha waliikuta imekunjwa ndani ya sanda, na jirani yake akasema ameusia isitolewe.

Wamo udongoni wote wawili. Kazi bora kuliko zote nilizopata kufanya ni ile, wala sina pa kumpeleka mtu aione.